Miaka Miwili Bila Kuuona Uso wa Baba

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: 2 Samweli 14:21-33)

Natumaini mmeamka salama, ninyi mlio nyumbani mkichemsha chai, na ninyi mlio njiani kwenda kazini kando ya ziwa hapa Naivasha. Kama Biblia iko karibu nawe, fungua Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 14. Kama uko ndani ya gari, sikiliza tu, utaisoma jioni.

Habari yenyewe ni ya Mfalme Daudi na mwanawe Absalomu. Kijana huyu alikuwa amekosa, tena kosa kubwa. Alimwua ndugu yake, akakimbilia Geshuri kwa babu yake mzaa mama, akakaa huko miaka mitatu. Mwishowe Yoabu, jemadari wa jeshi, alimwombea, na mfalme akakubali arudishwe. Lakini angalieni jinsi alivyorudishwa. Mfalme aliagiza kwamba aende nyumbani kwake mwenyewe, wala asije mbele ya uso wake. Basi Absalomu akakaa Yerusalemu, mji mmoja na baba yake, miaka miwili mizima, nao hawakuonana. Alimwita Yoabu mara mbili aje amsaidie, na Yoabu hakuja. Ndipo alipowatuma watumishi wake kulitia moto shamba la shayiri la Yoabu. Siku hiyo Yoabu alikuja mbio!

Leo nataka tufikiri juu ya ile miaka miwili. Maana katika mitaa yetu wako vijana wanaokaa hivyo hivyo, mji mmoja na baba zao, wasionane. Nasema juu ya wana na binti zetu wanaovutwa kimapenzi na watu wa jinsia yao wenyewe. Najua kwamba wengine wenu mmenyoosha mkono kuzima redio. Ngojeni kidogo. Tena nisieleweke vibaya. Absalomu alikuwa mwuaji, na vijana ninaowasema hawakumwua mtu. Sikuchagua somo hili ili nilinganishe makosa. Nimelichagua kwa sababu ya baba.

Miaka michache iliyopita alinijia mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama katika kanisa letu. (Nimebadili mambo machache ili watu hawa wasitambulikane, nao wamenipa ruhusa kuyasema.) Alikuwa na watoto sita. Yule wa tatu alikuwa mwimbaji katika kwaya yetu, sauti ya tatu, na kazi yake ilikuwa kupanga na kufunga maua katika kampuni moja ya maua. Jioni moja ndugu yake alishika simu yake, akasoma maneno aliyoandikiana na kijana mwenzake. Kabla ya usiku wa manane baba alikuwa amemtoa nje na begi moja. Akaenda kupanga chumba Karagita, ambako kutoka mjini ni safari fupi ya matatu.

Mama yake aliniuliza, "Pasta, nifanye nini?" Nami, niliyesoma miaka mitatu katika chuo cha theolojia, nilimjibu kwamba tumwombee, na kwamba akiyaacha mambo yale mlango utakuwa wazi. Tukaomba. Yule mama akaenda zake. Nilifikiri nimefanya kazi ya uchungaji.

Sasa kabla sijaendelea, yafaa tuelezane mambo fulani, kwa sababu katika jambo hili sisi Wakristo twasema mengi tusiyoyachungua.

Jambo la kwanza husemwa kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Ndugu zangu, Kiswahili cha pwani kina majina ya watu hawa tangu zamani, na watu hawakitungii jina kitu kisichokuwapo. Hata lile neno shoga, ambalo huku bara twalitupa kama jiwe, mwanamke wa pwani humwita hivyo rafiki yake wa kike bila ubaya wo wote. Kilichotoka kwa Wazungu kwa hakika ni ile sheria. Vifungu vya 162 na 165 vya Sheria ya Jinai, ambavyo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 14, viliwekwa na Waingereza katika sheria iliyoanza kutumika hapa mwaka wa 1930. Huko Uingereza kwenyewe sheria ya namna hiyo ilianza kulegezwa mwaka wa 1967. Hapa kwetu Mahakama Kuu iliombwa kuvifuta vifungu hivyo, na tarehe 24 Mei 2019 ikakataa. Basi vipo.

Lakini someni mnachokitetea. Vifungu hivyo vyahukumu vitendo, tena baada ya ushahidi mbele ya hakimu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwenye nyumba aweza kumtupia mpangaji vyombo nje, wala kwamba vijana wa mtaa waweza kumvua mtu nguo barabarani. Mwaka wa 2018 Mahakama ya Rufani kule Mombasa ilisema kwamba hata kumchunguza mtu mwilini kwa nguvu ili kupata ushahidi ni kuvunja haki yake. Na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba shirika la kuwatetea watu hawa, lililokuwa likinyimwa kuandikishwa tangu mwaka wa 2013, halikupaswa kunyimwa. Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walinijia na nyuso nzito wakasema, "Mahakama imehalalisha ndoa za namna ile." Haikuwa kweli. Ndoa haikuguswa. Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inaitaja ndoa kuwa ya mume na mke, na neno hilo halikubadilishwa. Mahakama ilisema tu kwamba raia waweza kuungana na kuandikisha chama chao. Nilitumia saa nzima kuwaelezea, na sidhani wote waliniamini.

Uvumi ndio ugonjwa wetu mkubwa, kuliko hata chuki. Mnakumbuka ya Mtwapa, Februari 2010? Palitokea uvumi kwamba wanaume wawili wataoana. Viongozi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, wakasimama pamoja (lini tena mmeona umoja kama huo?) wakataka kituo cha afya cha KEMRI pale kifungwe, kwa kuwa kilikuwa kikiwahudumia watu hawa. Umati ukakizingira kituo, na mtu aliyekuwa akijitolea kazi pale akapigwa. Harusi yenyewe haikuwapo. Na msidhani ni mambo ya mbali, maana yameingia hata katika Kanisa langu mwenyewe. Mwaka wa 2015 mapadre watatu wa upande wa Nyeri walisimamishwa kazi kwa tuhuma za namna hii. Mwaka wa 2016 mahakama ya kazi iliona hawakutendewa haki, ikaamuru warudishwe kazini. Amri ya tisa yakataza ushuhuda wa uongo juu ya jirani. Twaifundisha watoto wa Jumapili, halafu twaisahau tukipata simu yenye picha.

Jambo la pili ni mafundisho ya Kanisa. Hapa sitaki kuzunguka. Kanisa letu la Anglikana Kenya lafundisha kwamba ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja, nami niliweka ahadi ya kuyashika mafundisho ya Kanisa nilipowekwa wakfu. Maaskofu wa Anglikana wa dunia nzima walipokutana Lambeth mwaka wa 1998 walipitisha azimio juu ya jambo hili, kura 526 kwa 70. Sisi wa Afrika twalipenda sana azimio hilo, na twalitaja kila mara tukibishana na wenzetu wa Marekani. Lakini twakumbuka nusu. Nusu moja yasema kwamba tendo hilo halipatani na Maandiko. Nusu ya pili, katika azimio lile lile, iliyopigiwa kura na maaskofu wale wale, yasema kwamba watu hawa wapendwa na Mungu, na kwamba wote waliobatizwa na wanaoamini kwa uaminifu, bila kujali wanavutwa na nani, ni viungo kamili vya mwili wa Kristo. Yakemea woga usio na akili juu yao. Tena maaskofu walijifunga kuyasikiliza maisha yao. Kusikiliza! Niulizeni ni mara ngapi tumesikiliza katika dinari yetu. Hakuna hata mara moja ninayoikumbuka.

Mimi nilianza kusikiliza nikiwa nimechelewa, na nitawaambia kwa nini.

Yule mama aliugua moyo. Nilimtembelea hospitalini, nikasoma Zaburi, nikaomba. Nilipoinuka alinishika mkono akauliza, "Pasta, yule wangu wa Karagita umemwona?" Nikasema nitakwenda. Sikuwa nimemwona, au niseme kweli, nilikuwa nimemwona. Mara mbili nilimkuta steji ya matatu, na mara zote mbili niligeuza uso nikajifanya nasoma gazeti. Baadaye nilikuja kujua kwamba kila mwisho wa mwezi yule mama alikuwa akimpelekea mwanawe viazi kwa mkono wa mtu wa bodaboda, bila kumwambia mumewe. Mama alifariki kabla sijatimiza neno langu.

Siku ya mazishi, kule shambani kwao, baba wa nyumba aliniletea ile karatasi yenye historia ya marehemu. Akasema, "Tumeandika wale walio nyumbani tu." Nikahesabu majina matano. Mtoto wa sita nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe katikisimu, na nikasimama karibu naye alipowekewa mikono na Askofu. Nilijiambia kwamba hayo ni mambo ya jamaa, na kwamba mbele ya jeneza si mahali pa ugomvi. Nikasoma majina matano. Akina mama wa Umoja walitazama chini, maana wao walijua hesabu. Na kijana mwenyewe alikuwapo! Alisimama nje ya ua pamoja na waendesha bodaboda. Watu walipokwenda kula, nilikuwa nikinawa mikono, nikamwona akiingia peke yake, akachukua udongo, akamtupia mamake, akaondoka.

Usiku ule nilimkumbuka mwana mmoja wa Nakuru ambaye wengi wenu mwamjua kwa jina, yaani mwandishi Binyavanga Wainaina. Alizaliwa Nakuru tarehe 18 Januari 1971. Baba yake alikuwa mkuu wa Bodi ya Pareto, na mama yake, aliyetoka Uganda, alikuwa na saluni mjini. Mwaka wa 2002 alipata tuzo ya Caine ya waandishi wa Afrika, na mwaka uliofuata jarida la Kwani? likaanzishwa chini ya uongozi wake. Mama yake alipofariki mwaka wa 2000, Binyavanga alikuwa Afrika Kusini, wala hakuwahi kufika. Miaka mingi ikapita. Ndipo Januari 2014, alipotimiza miaka 43, akaandika makala iliyosomwa dunia nzima. Ndani yake alijiona amefika hospitalini kwa wakati, amekaa kando ya kitanda cha mamake, anamwambia lile neno alilolijua moyoni tangu utoto na ambalo hakulisema kamwe mama akiwa hai: kwamba yeye huvutwa na wanaume. Hakuwa mtu wa kanisa, na makanisa aliyasema vikali. Wengi walimtukana. Alifariki tarehe 21 Mei 2019, siku tatu kabla ya ile hukumu ya Mahakama Kuu niliyoitaja.

Mimi si mhakiki wa vitabu. Lakini kama kasisi naona hivi: mtu mzima, mwenye sifa katika nchi nyingi, aliyeweza kusema lo lote mbele ya ye yote, alibaki na neno moja alilotaka kumwambia mamake, na mama alikuwa kaburini miaka 13. Na Daudi naye, mtakapofika sura ya 18, mtamkuta juu ya lango akimlilia Absalomu, akitamani afe yeye badala yake. Kilio kile ni cha kweli. Ila hakuna neno hata moja la namna ile alilomwambia kijana katika ile miaka miwili walipokuwa mji mmoja.

Wiki iliyofuata nilikwenda Karagita. Si kwa uhodari, ni kwa kukosa usingizi. Kijana alifungua mlango, akanitazama, akauliza, "Pasta, umekuja kuniombea au kunisalimu?" Nikasema, "Kukusalimu." Akaniwekea kiti, akawasha meko, akachemsha chai. Nilikaa mpaka giza likaingia, naye akanieleza maisha yake. Nitawaambia machache.

Ile ilikuwa ploti yake ya tatu. Katika ya kwanza alirudi kutoka kazini akakuta kufuli jipya mlangoni, kwa sababu jirani alikuwa amemnong'oneza mwenye ploti. Kazini, wenzake wakizungumza juu ya wachumba wakati wa chakula, yeye ametunga msichana aliye Kitale, na imembidi akumbuke jina lake, kazi yake na siku ya kuzaliwa kwake, asije akakosea. Alipopata kikohozi kisichokwisha alikwenda zahanati. Mwuguzi alipomwuliza maswali na kuelewa, alitoka akawaita wenzake waje wamwone. Hakurudi kuchukua dawa. Tena kulikuwa na mtu aliyejifanya rafiki katika simu, akapata picha zake, halafu akaanza kudai pesa asizipeleke kwa mwajiri. Miezi mitano mshahara wake ulikwenda hivyo. Nikamwuliza kwa nini hakwenda polisi. Akacheka kidogo, akasema, "Nianze kuandikisha neno gani pale mezani, Pasta?"

Nilitazamia aniulize kama Kanisa litabadili mafundisho. Hakuuliza. Anayajua, aliyajifunza kwangu. Aliuliza kama mamake alimtaja. Nikamwambia ukweli wote, pamoja na lile swali la hospitalini na ahadi yangu niliyoivunja, na majina matano. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba Jumapili huyasikiliza mazungumzo haya redioni kwa sauti ya chini, na nyimbo huziimba peke yake, sauti ya tatu, ingawa ya kwanza haipo.

Kuna wazazi watakaosema, "Pasta, kumkaribisha ni kukubali." Nami nauliza, katika nyumba zenu hamna mwana mlevi? Hamna binti aliyezaa nje ya ndoa, hamna baba mwenye nyumba ya pili Gilgil ambayo kila mtu aijua? Nao hula mezani, na majina yao husomwa mazishini. Silinganishi tena; naonyesha tu kwamba sisi si wakali hivyo kwa kila jambo. Tumechagua mmoja wa kumwonyesha ukali wetu. Januari 2023 mwili wa kijana Edwin Chiloba, mshonaji wa mitindo mwenye miaka 25, ulikutwa ndani ya sanduku la bati kando ya barabara karibu na Eldoret. Mtu aliyekuwa akiishi naye alihukumiwa kwa mauaji hayo kifungo cha miaka 50, Desemba 2024. Nilikuwa katika matatu habari zile zilipokuwa mpya, nikasikia abiria wawili wakisema alistahili, tena mmoja ameshika Biblia. Mama wa kijana yule alikuwa bado hajamzika mwanawe.

Nami sikusema kitu ndani ya gari lile. Basi msinisikilize kama mtu aliyeshinda.

Nilianza kumtembelea baba yake. Mara ya kwanza alisema hana mtoto Karagita. Mara ya pili tuliongea juu ya bei ya viazi. Nilimwachia ile karatasi ya mazishi, nimeongeza jina la sita kwa kalamu yangu mahali pake, kati ya la pili na la tatu. Hakuitupa. Niliikuta baadaye imekunjwa ndani ya Biblia ya marehemu mkewe.

Mwezi uliopita, baada ya ibada, watu walipokuwa wakitawanyika, mzee alinivuta kando akaniuliza, "Anakaa ploti gani?" Nikamwambia ni vigumu kueleza, twende. Tulipanda matatu pamoja, hakusema neno njia nzima, ameshika mfuko wa viazi magotini. Nilimwonyesha mlango wa nne, wenye pazia la kijani. Akabisha. Mlango ulipofunguliwa nilirudi steji, nikanunua gazeti, na safari hii nikalisoma kweli, kurasa zote, mpaka matangazo ya vifo na ya mashamba. Saa mbili na nusu zilipita kabla mzee hajatoka. Mfuko hakuwa nao.